Nilivyoshughulikia joto na umande chini ya mabati, Nyegezi

Nyumba yetu ipo Nyegezi, upande unaopokea upepo wa ziwa, na imeezekwa kwa mabati ya rangi ya kahawia iliyokoza. Mchana vyumba vilikuwa havikaliki, na asubuhi dari ya jipsam ilionyesha madoa mapya ya maji, hata mwezi wa Julai ambao Mwanza haipati mvua ya maana. Fundi alisema, "Mama, mabati yanavuja kwenye misumari," akashauri tuzibe matundu yote. Nilimwomba kwanza tupande darini alfajiri na tochi. Tulikuta matone yametapakaa upande wa chini wa kila bati, mbali kabisa na misumari. Ulikuwa umande.

Chanzo chake ni kilekile kinacholeta joto la mchana, na hili ningependa kila anayejenga kando ya ziwa alielewe. Bati ni jembamba, halina uwezo wa kutunza joto. Jua likiwaka huwa la moto sana, na joto hilo huifikia dari hasa kwa mnururisho, yaani joto linalosafiri kama mwanga bila kubebwa na hewa, kwa kuwa hewa ya moto hubaki juu. Usiku usio na mawingu, bati hilohilo hupoteza joto kuelekea angani mpaka likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Hewa yenye nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 80 huanza kuacha maji inapogusa kitu chenye nyuzi 20 hivi, na hewa yetu ya ziwani, ikiongezewa mvuke wa jikoni na bafuni, hufika hapo kwa urahisi.

Tuliezua wakati wa kiangazi. Juu ya kenchi, yaani fremu za mbao za paa, tulitandaza karatasi ya alumini, kisha papi, mbao nyembamba zinazoshikilia bati, zikapigwa juu yake, na hivyo ikabaki nafasi ya hewa ya sentimita 5 hivi kati ya karatasi na bati. Tulianzia chini kwenye upenu kwenda juu, kila kipande kikilalia kile cha chini yake, ili matone ya umande yateremke hadi kwenye mfereji. Fundi alitaka uso unaong'aa utazame juu kwenye jua. Nilimweleza kwamba uso huo haupokei mnururisho kwa urahisi na wala hautoi kwa urahisi, kwa hiyo unafanya kazi hata ukitazama chini, na huko haukusanyi vumbi, ambalo hupunguza sana nguvu yake.

Tuliacha pia nafasi za hewa chini ya upenu na kwenye kofia ya paa. Mchana husaidia kutoa hewa ya moto. Usiku haziwezi peke yake kuzuia umande, maana hewa inayoingia nayo ina unyevu, na ndiyo sababu sikukubali kuiacha karatasi. Bomba la feni ya bafuni, lililokuwa likiishia darini, tulilitoa nje kabisa, na matundu yanayozunguka taa yakazibwa.

Madoa hayajarudi, na chumba cha watoto sasa kinakalika saa nane mchana. Kazi iliyobaki ni ya usafi: wale wadudu wa ziwani wanaoruka kwa makundi kama moshi huziba nyavu za upenu, na zisipofagiliwa hewa haipiti.