Ulimi Unaosengenya na Moyo Unaohesabu Mali

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu katika imani.

Surat Al-Humaza ina aya 9 tu, na wengi wetu tuliihifadhi madrasa tungali watoto. Kwa kuwa tumeizoea, ni rahisi kupita bila kutazama jinsi inavyoanza: Mwenyezi Mungu anamwonya kwa maangamizi kila mwenye kusengenya na kukashifu watu, kisha papo hapo anamweleza mtu huyo huyo kuwa ndiye aliyekusanya mali na kuihesabu, akidhani mali yake itambakisha milele. Ni mtu mmoja. Na moto alioahidiwa ni ule unaopanda mpaka nyoyoni, mahali ambapo usengenyaji wake na tamaa yake vilizaliwa pamoja.

Nimeitafakari sura hii kwa kuyatazama maisha yetu ya kandokando ya ziwa hapa Mwanza. Wavuvi wa dagaa hutegemea usiku wa giza na mwanga wa taa, hivyo mbalamwezi inapokomaa wengi hupumzika siku kadhaa, wakashona nyavu na kuzungumza mwaloni. Mazungumzo hayo ni sehemu ya udugu wetu, lakini humo ndimo linamoletwa jina la asiyekuwepo: yule aliyeongeza mtumbwi wa pili, au yule mama ambaye magunia yake hupata mnunuzi kabla ya ya wenzake. Aliyefilisika tunamhurumia, anayesengenywa mara nyingi ni yule aliyepata tulichokuwa tukikitamani sisi.

Ndipo linapotoka neno zito kuliko yote katika ukanda wetu, kwamba fulani mali yake ni ya ndagu, yaani imepatikana kwa uchawi. Mtume (s.a.w.) aliwauliza Masahaba kama wanajua kusengenya ni nini, akawaambia ni kumtaja ndugu yako kwa analolichukia; na kama hilo unalolisema hana, basi umemzulia. Anayesema habari ya ndagu hana ushahidi wala shahidi, ana kinyongo tu, na anajua kuwa katika jamii yetu tuhuma za uchawi haziishii mdomoni, kwani katika mikoa hii wako vikongwe waliouawa kwa sababu ya maneno yaliyoanza kama minong'ono ya majirani. Naomba tusilipitie hili kwa wepesi. Bibi Aisha (r.a.) aliashiria tu ufupi wa Bi Safiyya (r.a.), na Mtume akamwambia kuwa amesema neno ambalo lau lingechanganywa na maji ya bahari lingeyabadilisha. Ikiwa ufupi wa mtu una uzito huo, tuhuma ya uchawi itakuwaje?

Hata hivyo, aliyedhulumiwa hanyamazishwi. Surat An-Nisaa, aya ya 148, inamtoa katika katazo la kutangaza maneno mabaya, kwa hiyo aliyepunjwa kwenye mizani au kuuziwa dagaa waliochanganywa na mchanga ana haki ya kulifikisha jambo lake kwa anayeweza kumsaidia, na wala asiitwe msengenyaji.

Ama kuutibu moyo, naona tunakosea tunapoanza na ulimi peke yake, kwa sababu mtu anaweza kunyamaza mwezi mzima huku tamaa ikizidi kukua ndani. Mtume ametufundisha kuwa mwanadamu akiwa na mabonde mawili ya mali atatafuta la tatu, na hakuna kitakachoijaza nafsi yake ila udongo. Basi unapohisi uchungu kwa riziki ya mwenzako, mwombee baraka katika riziki hiyo hiyo kwa kumtaja jina lake ukiwa katika sijda, nawe utoe sadaka katika kile unachokihesabu kila jioni. Dua ya aya ya 10 ya Surat Al-Hashr, tunayoomba humo Mola asiweke mafundo nyoyoni mwetu dhidi ya walioamini, isomwe kwa kukusudia watu tunaowajua.

Na kwa aliyekwisha kusema, wako wanazuoni waliosema kuwa ikiwa msengenywa hajapata habari, kumweleza kunaweza kuzidisha chuki. Amwombee maghufira na kumtaja kwa wema alio nao kweli, pale pale alipomchafua. Lakini aliyemzulia mtu ndagu ana jambo la ziada: awarudie wote aliowaambia, hata kama ni kundi zima la simu, awaeleze waziwazi kuwa alisema uongo.