Kivumbasi nyuma ya nyumba: nilivyowarudisha nyuki shambani

Kwa misimu miwili mfululizo, maboga niliyoyapanda nyuma ya nyumba yetu, nje kidogo ya Wete, Pemba, yalitoa maua mengi, lakini matunda yake yaligeuka manjano na kuanguka kabla hayajafikia ukubwa wa yai. Boga lina maua ya kiume na ya kike mbalimbali, na chavua yake ni nzito na yenye kunata, hivyo haipeperushwi na upepo. Asipopita mdudu asubuhi, ua la kike hufumba na tunda halitungi. Nilikuwa nikichavusha kwa mkono kila alfajiri, mpaka bibi mmoja jirani yetu aliponiuliza kwa nini nafanya kazi ya nyuki ilhali kivumbasi kipo.

Alikusudia kile kivumbasi kikubwa, ambacho wataalamu wa mimea hukiita Ocimum gratissimum, wala si mrehani mwororo wa kutia kwenye vikuba, vile vishada vya kunukia wanavyojipamba wanawake. Shina lake huwa gumu kama mti, hudumu miaka kadhaa, na hiki cha kwetu ukikifikicha jani kinanukia karafuu, kwa kuwa mafuta yake yana yujenoli, kemikali ya harufu ile ile iliyomo katika karafuu yenyewe. Mkarafuu tuliletewa katika karne ya 19, asili yake ni visiwa vya Maluku. Kivumbasi ni mwenyeji wa Afrika, na ninaona tumekipuuza mno kwa kukiacha kiwe cha kufukuzia mbu tu.

Nilianza vibaya. Wakati wa masika nilifukia mbegu kina cha nusu kidole, na haikuota hata moja. “Mwanangu, mbegu ndogo hivyo huifukii, unainyunyiza juu ikaona mwanga,” aliniambia bibi, kisha akanikatia matawi ambayo hayajakomaa. Nilikata vipande vya urefu wa shibiri, nikapukutisha majani ya nusu ya chini, nikavichomeka kwenye makopo yenye udongo na samadi iliyooza, chini ya kivuli cha mgomba. Baada ya wiki mbili hivi mizizi myeupe ilikuwa imetoka. Nilivihamishia kwenye tuta lililoinuliwa, kwa sababu udongo wetu mwekundu hushika maji, nikaviachanisha kwa mita moja.

Anayelimia majani hukata mashada kabla hayajachanua. Mimi hukata upande mmoja wa kichaka, na wa pili nikauacha kwa ajili ya nyuki. Majani yanatosha: matatu katika chai ya mchaichai, na machache yaliyokatwakatwa katika mchuzi wa samaki unapokaribia kuepuliwa, kwani ukizidisha harufu humeza samaki. Na saa mbili asubuhi mashada yale, yenye maua meupe madogo kuliko punje ya mchele, hujaa nyuki wa asali na wale wadogo wasiouma, na mara nyingine hutua nyuki mweusi mkubwa anayetoboa mbao, shada likainama kwa uzito wake.

Msimu uliofuata niliacha kuchavusha kwa mkono, na maboga 11 yalikomaa. Mvua za vuli nazo zilikuwa nzuri, kwa hiyo sitakipa kivumbasi sifa yote. Hata hivyo nimeshachomeka vipande 20 vingine kando ya mabilingani, ambayo chavua yake hutoka ua likitikiswa, kazi ambayo nyuki wa asali haiwezi na yule mweusi anaiweza.