Cheti nilikisaini mwenyewe: kusomesha vijana nyumbani Houston

Niliposema nitawasomesha wanangu nyumbani mpaka wamalize sekondari, ndugu zangu wa Tanga hawakuuliza habari za hesabu wala Kiingereza. Waliuliza, "Sasa cheti atawapa nani?" Kwa watu waliokulia kwenye mitihani ya NECTA, wakasubiri matokeo ya kidato cha nne roho juu, swali hilo lina haki yake. Jibu ndilo lililowaduwaza: nitawapa mimi.

Tunaishi Houston, na Texas haina masharti mengi katika jambo hili. Tangu hukumu ya kesi ya Leeper iliyotolewa na Mahakama ya Juu ya Texas mwaka 1994, nyumba inayosomesha watoto wake inahesabiwa kama shule binafsi. Hakuna kusajiliwa, hakuna mkaguzi, hakuna mtihani wa jimbo. Unatakiwa kufundisha kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema, na uwe unafundisha kweli. Kama mtoto yuko shule ya serikali, unaandika barua ya kumtoa, basi. Uhuru mtamu huo, ila siku mwanao anapobisha hodi chuoni au kazini, hakuna ofisi ya elimu yenye faili lake. Liko kwako, au halipo kabisa.

Kwa hiyo tangu binti yangu alipoingia darasa la 9 nilifungua daftari kubwa la mistari: tarehe, somo, sura ya kitabu, saa, alama. Desturi ya Marekani ni saa kama 120 kwa krediti moja, yaani somo moja la mwaka mzima, nami niliifuata desturi hiyo kama mhasibu wa serikali. Kila somo nililiandikia aya fupi: kitabu gani kimetumika, insha ngapi zimeandikwa, majaribio gani ya sayansi yamefanyika. Mwishoni yote yakaingia kwenye transkripti, yaani orodha ya masomo na alama zake, ya ukurasa mmoja tu, niliyoichapa na kuisaini mimi. Fomu nyingine huuliza amekuwa wa ngapi darasani. Alikuwa wa kwanza, na wa mwisho pia.

Lakini A aliyopewa na mama yake haina uzito, na sidhani kama inastahili kuwa nao. Mtu wa nje lazima ampime. Hapa ndipo nilipoweka nguvu zangu zote. Alifanya TSIA, mtihani wa Texas unaopima kama mwanafunzi yuko tayari kwa masomo ya chuo, akaingia darasa la uandishi la ENGL 1301 pale Houston Community College akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, na krediti zile vyuo vikuu vya umma vya Texas huzitambua. Insha yake ya kwanza ilirudi imejaa maandishi ya mwalimu pembeni: dai hili ushahidi wake uko wapi? Sentensi hii inamhusu nani? Mambo niliyokuwa nikimwambia mwaka mzima, ananiitikia "sawa mama" na haondoi hata koma. Kwa mwalimu asiyemjua, aliiandika upya usiku huo huo. SAT, mtihani wa kuombea vyuo, alijiandikisha mwenyewe kupitia College Board, wanaouendesha. PSAT, mtihani wa kujiandaa na SAT unaofanyika Oktoba shuleni, ilitusumbua: shule niliyoiomba impokee ilinipiga danadana mpaka tarehe ikapita. Ukiitaka, anza kuuliza mapema, tena shule zaidi ya moja.

Kwenye lugha ya kigeni niliandika Kiswahili. Mtoto amezaliwa Houston, kwa nini isiwe? Kuzungumza na bibi yake kwenye simu kulimpa ulimi, kusoma magazeti kukampa msamiati, kisha akafanya usaili wa kuzungumza wa ACTFL, shirika la Marekani la walimu wa lugha, ambao una Kiswahili pia. Hati ile ilitufaa kuliko nilivyotarajia, maana haikutoka kwangu.

Sasa maisha yenyewe. Binti alipofikisha miaka kumi na sita nilimkabidhi pesa ya chakula ya mwezi. Nenda nunua, pika, tushibe. Wiki ya kwanza tulikula vizuri sana. Ya mwisho, maharage. Baadaye alikuwa akisimama Hillcroft kwenye maduka ya Wahindi, simu mkononi, akigawa bei ya gunia la mchele kwa ratili kabla ya kulitia kwenye kitoroli. Miadi ya daktari watoto walipiga simu wenyewe, kadi ya bima mezani, mimi nimekaa kimya pembeni. Kukaa kimya kulinishinda mara nyingi. Udereva Texas inamruhusu mzazi kufundisha, na mtoto anaweza kupata leseni ya mwanafunzi akiwa na miaka 15. Baba yao ndiye aliyekaa naye kwenye barabara ya 610. Mimi moyo wangu haukuweza. Fomu ya W-4, ya makato ya kodi kwenye mshahara, waliijaza mezani kwetu kabla ya kuajiriwa popote. Na mwenye mtoto wa kiume akumbuke: akifika 18, hata kama ana green card tu, anatakiwa kuandikishwa Selective Service, orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini.

Wangu wa kiume chuo hakukitaka. Kwenye harusi moja ya Watanzania hapa, mama mmoja aliniuliza kwa sauti ya kupeana pole, "Huyu mbona umemwachia, dada?" Sijamwachia. Sisi wa ughaibuni tuna ugonjwa wa kutaka kila mtoto awe nesi au injinia, huku bomba likipasuka tunamlipa fundi pesa ambayo nesi angeitamani. Texas inatoa leseni ya mwanagenzi wa umeme kuanzia miaka 16, kwa dola 20. Aliichukua. Programu ya mafunzo aliyoomba ilitaka transkripti yenye muhuri, basi tukaenda benki kwa mthibitishaji, nikasaini mbele yake, akagonga muhuri. Leseni ya fundi kamili inataka saa 8,000 za kazi chini ya fundi mkuu. Anazihesabu kila Ijumaa.

Dada yake yuko chuo kikuu. Kwenye FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali wa kulipia chuo, kuna sehemu ya kuchagua kwamba umemalizia sekondari nyumbani, na hakuna aliyetuuliza zaidi ya hapo.

Kitinda mimba wetu ana miaka kumi na tatu na anachotaka ni soka, timu yenye jezi na basi. Sheria ya mwaka 2021 ilifungua njia kwa watoto wanaosomea nyumbani kucheza na shule za serikali katika michezo ya UIL, chombo kinachosimamia mashindano ya shule za Texas, lakini wilaya ya elimu nayo ina kauli yake. Nimewaandikia watu wa wilaya yetu. Wakikataa, huenda nikamrudisha shuleni, na madaftari yangu nikayaweka kabatini.