Maji Yaliyo Chini ya Nyayo

Assalamu alaykum ndugu zangu.

Wiki hii sina mawaidha. Nina miguu inayouma na jambo moja nililorudi nalo.

Jumamosi shemeji yangu alinishikilia twende Kipungani, kijiji cha upande wa pili wa kisiwa chetu cha Amu (Lamu), kwa miguu, tufuate pwani ya Shela mpaka mwisho. Boti hataki. Ni kama kilomita 12, bahari kushoto, vilima vya mchanga kulia, na ukishaiacha Shela nyuma hukuti kivuli cha maana. Anayeijua njia hii huishika maji yakipwa, mchanga ukiwa mgumu kama sakafu. Sisi tulikaa kwenye mahamri na mbaazi hadi saa nne, na tulipofika ufukweni maji yalikuwa yameanza kujaa. (Si sisi wa kwanza kuponzwa na maji hapo. Mwanzoni mwa karne ya 19 watu wa Pate na Mombasa walikuja kuipiga Amu, wakashindwa, na walipokimbilia vyombo vyao wakavikuta vimekwama pwani, maji yamekupwa.)

Basi tukapanda juu kwenye mchanga laini. Hatua moja mbele, nusu hatua nyuma. Kaskazi ilikuwa imekauka kabisa, jua la utosi, na mchanga unapeperuka na kuuma vifundo vya miguu. Chupa zetu mbili ziliisha kabla ya adhuhuri.

Wakati wa sala ulipoingia shemeji akapiga magoti mchangani, mikono tayari kwa tayamamu, ule udhu wa mchanga pasipo na maji. Nikacheka, japo midomo ilikuwa imepasuka. "Shemeji, tayamamu gani, na bahari yote hii?" Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu bahari, akasema maji yake ni tohara. Tukatia udhu kwa maji ya chumvi, tukasali rakaa nne kamili, maana kilomita 12 hazifiki masafa ya msafiri kupunguza sala. Nakiri kwamba katika sijida sikuwa na dua yoyote. Nilikuwa na kiu tu.

Na hilo si la Jumamosi peke yake. Baadhi yenu nimewaambia: tangu Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, nasoma juzuu yangu ya Qurani kila siku na ulimi ndio unaosoma. Nasimama, nainama, naondoka mkavu kama nilivyokuja. Nimeambiwa niongeze nyiradi, zile dhikri za kila siku, nikaongeza. Nimeambiwa labda kuna dhambi, nami sikatai, zipo. Lakini hakuna aliyeniambia nililolikumbuka pale, nimekaa kwenye mchanga unaochoma.

Sisi watu wa Amu tunajua maji yetu yanatoka wapi. Yanatoka Shela, visimani, chini ya vilima vile vile. Mvua ikinyesha juu ya mchanga haitiririki kwenda baharini. Inazama papo hapo, na inakaa huko chini, maji baridi juu ya maji chumvi, kwa sababu ni mepesi zaidi. Ukiyavuta kwa pupa, chumvi inapanda. Ndiyo maana wazee wakali hawataki kusikia habari ya kujenga majumba na kuchimba vyoo juu ya vilima. Kile tunachokiona jangwa ndicho kifuniko cha mtungi. Katika Suratul Muuminun, aya ya 18, Mwenyezi Mungu anasema aliteremsha maji kutoka mbinguni kwa kipimo, akayatuliza ardhini, na kwamba anaweza kuyaondoa. Nimeisoma aya hiyo mara ngapi! Sikuwahi kuisoma nikiwa nimekaa juu yake.

Nikamkumbuka Bibi Hajar, mama yake Nabii Ismail, kule Makka. Madrasa nilifahamu kwamba alikimbia akitafuta maji, akayapata. Lakini hakuyapata alikokimbilia. Alipanda Safa, hakuna; Marwa, hakuna; mara saba, na jumla yake ni kilomita tatu na kidogo, kama kutoka mjini Amu hadi Shela. Maji yalitoka alikomwacha mtoto, mahali ambapo alikuwa ameshakaa na kupaona pakavu. Na haji wa leo, maji yale yale, Zamzam, yako karibu na amekwisha kuyanywa, lakini bado anaambiwa atembee baina ya vilima viwili, na mwendo ule wenyewe ndio ibada. Sijui kama nimelielewa vizuri. Wenye elimu mnirekebishe.

Tulifika Kipungani karibu na Alasiri. Mama mmoja aliyekuwa akisuka mkeka kibarazani alitutazama tu, hakuuliza kitu, akamtuma mtoto alete kata ya maji. "Nywani polepole, wanangu." Shemeji akanipa mimi kwanza, jambo ambalo kwa tabia yake lilinishangaza. Kurudi tulirudi kwa boti, na hakuna aliyebisha.

Usiku nilifungua bomba nitie udhu wa Isha. Maji yalitoka kidogo kidogo, kama kawaida ya kaskazi, bado yana joto la mchana. Nikakinga viganja, nikasubiri vijae, na mchanga wa Shela ulikuwa ungali kwenye kucha zangu.