Haliendi Popote

"Haliendi popote hilo, mama."

Basi, ndiyo hiyo tu. Baba akasema hivyo, akampa Dada simu, Dada akaingia na habari za maji kukatika, na mimi nikabaki huku na behewa dogo la treni nililolitengeneza kwa mkono, liko kiganjani, kama mtoto aliyerudishiwa daftari bila alama.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Leo ni Ijumaa usiku. Nimeyasikia maneno yale kwenye basi, nimeyasikia zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee nikimgeuza ubavu yule bibi wa chumba cha mwisho, nimeyasikia hata kwenye sala, Mungu anisamehe. Jumanne barua ya uraia ikafika, miaka kumi na minne ya kungoja, Bwana Mkubwa, mume wangu, akakimbia kununua keki. Nikala kipande changu nikiwaza: haliendi popote kwa nini?

Nilijipanga, jamani, mnajua nilivyojipanga. Nilitandika kitambaa cheusi mezani, nikasogeza taa, nikaliweka behewa juu ya kile kipande cha reli nilichopewa na mzee wa meza ya dirishani kwenye kikundi chetu cha watengeneza vibehewa. Saa nane mchana kwetu huku Manchester, jioni kwao Mombasa, Baba ameshaswali alasiri na anasubiri chai. Simu ameishika karibu mno kama kawaida yake. Naona paji la uso na nusu ya kofia.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mama. Liko wapi?"

Nikageuza kamera.

"Sogeza." Nikasogeza. "Zungusha." Nikazungusha. "Lipindue nione chini." Nikalipindua, vidole vinatetemeka maana bogi moja, ile fremu ya magurudumu chini ya behewa, hukaa kwa hisani tu. Akanyamaza. Nasikia kunguru wa Changamwe nyuma yake, nasikia mtu anaburuta ndoo. Akavuta pumzi puani, ile pumzi yake. Kisha akayasema aliyoyasema.

Hakusema baya. Hakusema zuri. Dada ndiye aliyesema zuri, kwamba linang'aa kama dele, litiwe kahawa. Kweli linang'aa, maana halijapakwa rangi bado, na shaba ya njano ndiyo hiyohiyo ya madele. Lakini sikulitengeneza kwa ajili ya Dada.

Miezi saba. Kisanduku cha mkono wa pili, hakina hata jina la kiwanda, ndani mabamba matatu ya shaba na mfuko wa vipande vya madini meupe, na maelekezo ya kurasa mbili ambayo ya pili imemwagikiwa chai ya mtu mwingine kabla yangu. Kipimo ni moja kwa 87. Reli yetu ya zamani ni ya mita moja, kwa hiyo ukiigawa kwa 87 unapata milimita kumi na moja na nusu, na reli ndogo wanazouza ni za kumi na mbili. Hiyo nusu milimita hakuna anayeiona, isipokuwa mzee wa meza ya dirishani, ambaye hujifanya haioni.

Bamba lenyewe ni jembamba, robo milimita. Tindikali imeshalichora milango, mbao, bawaba, kila kitu, na palipo pa kukunja imekula nusu ya unene ikaacha mfereji. Nilipolishika mara ya kwanza nikasema, hii ni manda. Kweli ni manda ya sambusa: ukikunja ukiwa na haraka inapasuka, ukikunja mara mbili pale pale inakatika. Mfereji unakaa ndani ya kona, si nje. Mimi nilikunja nje. Nilivyoliokoa niliandika humu Januari, sirudii.

Ribiti ndizo zilizonimaliza. Zinakuja kama vidoa nyuma ya bamba, na kila kidoa unakisukuma kwa ncha ya sindano butu mpaka kichwa kitokeze upande wa pili. Ukisukuma kidogo havionekani, ukizidisha umetoboa. Mia mbili na kumi na mbili. Nilizifanya usiku kazini, wazee wakiwa wamelala, bamba liko juu ya kijitabu cha dawa (msimwambie mtu).

Halafu madini meupe. Ni risasi, bati na antimoni, na yanayeyuka upesi hata kabla hujavuta pumzi. Ubavu wa bogi uliniyeyukia machoni kama samli kwenye sufuria, Kijana wangu akacheka, mimi nikalia, nikangoja wiki sita kupata mwingine. Baadaye ndipo nikafundishwa: kuna lehemu inayoyeyuka kwenye nyuzi 70 tu, ndiyo ya madini hayo, lakini haishiki kwenye shaba ikiwa peke yake. Lazima kwanza uipake shaba lehemu ya kawaida kwa moto mkali, uiache ipoe, upunguze moto wa chuma chako, ndipo uje na ile ya 70. Na ukimaliza osha kwa sabuni na mswaki, la sivyo ile asidi ya kulehemia inabaki pembeni na baada ya siku mbili unaamkia kutu ya kijani.

Hayo yote Baba hakuyaona. Aliona sekunde arobaini.

Jumatatu niliamua amekusudia kusema ni baya. Jumanne, keki mdomoni, nikaamua hakusudii behewa, anakusudia mimi. Maana lina maana ngapi neno hilo? Nimeondoka nyumbani nikisema nakwenda kusoma, nimeishia kuosha wazee wa watu na kulehemu vibehewa visivyobeba hata kilo ya sukari. Siku hiyohiyo nimepewa karatasi inayosema mimi ni wa hapa. Haliendi popote, mama. Nilizunguka na fikra hiyo mpaka Bwana Mkubwa akaniuliza kama nimefiwa.

Jumatano nikaenda nalo kwenye kikundi. Wakalisifu wote. Hawa watu husifu, ndiyo adabu yao. Ukileta behewa lenye gurudumu moja watakwambia limependeza sana na chai utakunywa? Mzee wa meza ya dirishani peke yake ndiye aliyeinamia, akavua miwani, akavaa nyingine, akasema "hm". Nikataka kumuuliza hm ya nini. Nikaona aibu. Nimeshakusanya mahm ya wanaume wawili wiki hii.

Basi langu la kurudi hupita Gorton. Kila nikipita natazama, ingawa mbele ni ukuta tu. Hapa ndipo zilipotengenezwa Garrati zetu, injini za mvuke za daraja la 59, zote 34, mwaka 1955 na 1956, tani 252 kila moja, zikapewa majina ya milima na kupelekwa Mombasa. Hakuna injini ya reli ya mita moja iliyokuwa kubwa kuliko hizo duniani kote. Mount Gelai, namba 5918, ipo makumbusho ya reli Nairobi, Baba alitupeleka tukiwa wadogo na akatukataza kuipanda, wakati watoto wa wenzetu wote wameipanda. Karakana ya Gorton ilifungwa 1966. Miaka minane baadaye ndipo Baba anaajiriwa reli, na miaka mitatu tu baadaye Jumuiya inavunjika, analala mfanyakazi wa Afrika Mashariki, anaamka wa Kenya peke yake na nyundo ileile.

Nyundo. Sijui kwa nini sikuifikiria tangu Jumapili.

Wageni humu wananiuliza Baba alikuwa dereva? Hapana. Alikuwa mkaguzi wa mabehewa, miaka thelathini na moja. Anatembea kandokando ya treni iliyosimama, jua au mvua, na nyundo ya mpini mrefu, anagonga gurudumu, anasikiliza, anakwenda la pili. Gurudumu zima huimba. Lenye ufa hujibu kama chungu kibovu. Anainama, anatazama breki, springi, viungo. Akikuta kasoro anachukua chaki, anatia alama ubavuni, na behewa hilo linakatwa pale pale. Mzigo uwe wa nani, uwe wa waziri, treni inaondoka bila lenyewe. Na nyumbani vilevile. Sokoni Kongowea aligonga kila tikiti na kila nazi mpaka wauzaji wakamchoka. Kabati jipya la harusi ya Dada aligonga. Chakula kikiwa na chumvi nyingi anasema kitieni chaki. Mchumba wangu wa kwanza alitiwa chaki kabla hajamaliza kikombe.

Sasa Alhamisi, yaani jana, nimetoka kazini, viatu sijavua, sauti ya Dada inaingia kwenye simu. Dakika nne, tatu na nusu ni za tangi la maji. Mwishoni, kama mtu aliyekumbuka kitu mlangoni:

"Halafu wewe, Baba ananiuliza kila siku umesharekebisha? Anasema lile gari lako lina mpira wa breki upande mmoja. Eti la nyuma yake litapata upepo wapi. Mimi sielewi, mpigie mwenyewe."

Nikaketi kwenye ngazi.

Mipira ilikuja miwili kwenye mfuko. Mmoja niliulehemu. Wa pili ulinidondoka kwenye zulia Ramadhani, siku ya tatu au ya nne, nikautafuta kwa magoti mpaka adhana, nikasema nitatengeneza mwingine kesho. Kesho gani. Nikasahau kabisa, wallahi, nikasahau kama haukuwahi kuwapo. Miezi inapita, watu kumi na wanane wa kikundi wamelishika mkononi, na mzee wa Changamwe asiyeona vizuri jicho la kushoto, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, amesema zungusha, amesema lipindue, ameona ncha ya milimita saba haipo.

Nilicheka peke yangu pale ngazini mpaka Kijana akachungulia.

Usiku ule sikulala. Nilikata waya wa chaja iliyokufa, ule mweusi mwembamba wa ndani, unafanana na mpira kuliko hata ule wa kisanduku. Tundu la nusu milimita natoboa kwa kekee ya kushika kwa vidole. Nimevunja sindano mbili za kekee, ya tatu ikapita. Nikaingiza waya, nikaupinda uning'inie kidogo upande wa kushoto kama ule mwingine, tone moja la lehemu kwa nyuma, mkono wangu mmoja umeshika kibano na mwingine chuma cha moto na pumzi nimezibana. Ukashika mara moja. Saa tisa na robo usiku. Nililiweka kwenye reli nikalisukuma kwa kidole kimoja, likatembea mpaka kwenye kikombe.

Leo asubuhi nikampigia. Paji la uso, nusu ya kofia.

"Sogeza," anasema. Nikasogeza. "Zungusha." Nikazungusha, safari hii polepole, namwonyesha ncha zote mbili kama muuza vitambaa. Kimya. Kunguru.

"Namba yake ngapi?"

"Halina namba bado, Baba. Rangi kwanza, kisha namba."

"Sasa nitaliandika vipi?"

Nikamsikia Dada anacheka nyuma. Akanong'ona kwenye simu kuwa daftari limetolewa tangu Jumatatu, lile la kazi, lenye jalada la kijani, liko mezani na kalamu juu yake, na mtu haruhusiwi kuweka kikombe. Baba akamwambia anyamaze. Kisha akaniambia nisiipake rangi mlango kabla sijaujaribu kufunga, na bogi ya nyuma inalegea, na nimsalimie mkwewe. Habari ya uraia Dada alikuwa ameshampa. "Hongera," akasema, "kaza hiyo bogi."

Nimeikaza. Namba nitauliza mzee wa meza ya dirishani, ana picha nyingi za zamani za Mombasa, huenda moja ina behewa la aina hii na ubavu unasomeka. Na nitamuuliza ile hm.

Lingine: kuna kitu kinakwaruza ndani ya ukuta wa jikoni, nyuma ya friji. Mwanzo nilidhani ni chuma changu cha kulehemu kinapoa. Lakini chuma nimeshachomoa tangu saa moja, na bado kinakwaruza, kinanyamaza nikisimama, kinaanza nikiketi. Bwana Mkubwa anasema ni mabomba. Mabomba hayanyamazi ukisimama.