Nati zenye midomo: siku yangu moja chini ya MGA ya 1957

Saa 1:20 asubuhi

Bado giza. Januari hapa Oxfordshire jua halina haraka, na kioo cha gari langu kimeganda barafu, naikwangua kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Gari langu ni Toyota. Msinicheke. Kutwa nzima nashinda na magari ya mwaka 1957, jioni nataka tu kufika nyumbani.

Saa 2:00

Nawasha hita, nabandika birika. Katikati ya gereji kuna MGA, gari dogo la michezo la Kiingereza, injini ya sisi (cc) 1489, iliyotoka kiwanda cha Abingdon, jirani kabisa na hapa, ingawa kiwanda chenyewe kilifungwa 1980. Bodi tumeshainyanyua, imebaki chasisi juu ya stendi. Mwenye gari anataka lirudi vile lilivyotoka kiwandani, mpaka nati. Hasa nati. Kuna watu huku wanaenda kwenye maonyesho ya magari na tochi mfukoni, wanalala chini kwenye nyasi na koti lao zuri, kuangalia umefunga nati gani kwenye shafti ya propela, ule mhimili unaopeleka nguvu ya injini magurudumu ya nyuma.

Nilipofika nchi hii kutoka Mombasa nilidhani ni wazimu. Kwetu gerejini nati ni nati. Unaomba "namba kumi na tatu", unafunga, unahesabu pesa. Siku yangu ya kwanza hapa niliomba namba kumi na tatu nikaletewa spana iliyoandikwa 1/2. Ile ya kumi na tatu ingeingia pia, maana nusu inchi ni milimita 12.7. Ingeingia, ikachezacheza, ikazila pembe za nati. Nati nyingi za magari haya ziliharibiwa na huo upenyo wa milimita 0.3.

Saa 2:40

Kazi ya asubuhi ni kumwaga mifuko mezani. Nikifungua kitu, nati inarudi kwenye bolti yake, inaingia mfukoni na karatasi inayosema ilitoka wapi, upande gani. Situpi hata iliyooza, kwa sababu iliyooza ndiyo mara nyingi ya asili.

Leo natafuta nati za kujiloki, zile zinazokataa kurudi nyuma hata gari likitikisika vipi, bila springi washa wala spliti pini. Kwenye magari ya Kiingereza ya zama hizi nakutana na koo tatu. Ya kwanza ina pete laini juu, bolti inajichimbia njia humo ndani na kubanwa. Za zamani zaidi pete yake ni ya faiba, nyekundu kama tofali. Baadaye ikaja ya nailoni, ndiyo Nyloc inayojulikana na kila mtu. Kampuni ya Simmonds ilizitengeneza nati za aina hii kule Treforest, Wales, kwa ajili ya ndege, kabla magari hayajazizoea.

Ya pili ni Aerotight, na jina lake pia linanuka uwanja wa ndege. Hii ni chuma kitupu. Juu imechanjwa pande mbili, zikabaki ndimi mbili zilizokandamizwa kwenda ndani na chini kidogo. Mimi naziita nati zenye midomo. Ya tatu ni Philidas: chini pembe sita, juu shingo ya duara yenye michanjo, utadhani imevaa tarabushi. Ukishaziona mara moja huzisahau, lakini zikivikwa grisi na tope la miaka sitini zote zinafanana na kipande cha kashata kilichoungua.

Saa 3:30

Kitabu cha spea cha BMC, kampuni iliyokuwa ikimiliki MG, kinasaidia, ukijua kukisoma. FNZ 105 ni nati ya kawaida. LNZ 205 ni ya kujiloki. Tarakimu mbili za mwisho ni ukubwa kwa sehemu za kumi na sita za inchi: 05 ni 5/16, 06 ni 6/16, yaani 3/8. Bolti nazo zina mtindo huo, HZS 0505 ni 5/16 unene, na 05 ya mwisho ni urefu kwa thumuni za inchi, 5/8. Ukishaelewa hivyo hukitafuti tena kitabu kila dakika.

Ila LNZ inakwambia tu pale palikaa nati ya kujiloki, haikwambii kama ilikuwa na midomo au pete. Hapo unahojiana na chuma. Chasisi ilipakwa rangi nyeusi kabla ya kufungwa chochote, kwa hiyo ukiondoa nati ambayo haijawahi kuguswa unakuta chini yake duara la rangi nzima, safi, na nati yenyewe haina rangi. Ikiwa nati imepakwa nyeusi juu, basi mtu alipita na brashi baadaye. Halafu najiuliza: mahali hapa fundi wa 1974 angefika kwa sababu gani? Nati za ekzosi sizisikilizi kabisa, zimebadilishwa mara nne. Lakini nati ambayo huipati mpaka unyanyue bodi, hiyo ushahidi wake naupokea.

Leo nimepata sita za namna hiyo. Zote Aerotight. Nimefurahi peke yangu kama mtoto.

Saa 4:15

Furaha haikukaa. Kijana anayejifunza kwangu, wazazi wake watu wa Lamu ingawa yeye kazaliwa huku huku, amekuja na kibati.

"Ami, hizi nimekusafishia. Sasa zinaingia raha."

Moyo ukanidunda. "Umesafisha na nini?"

"Tapu. Nimepitisha moja moja."

Tapu ni ya kukata hesi, yale meno ya ndani ya nati. Ukiipitisha kwenye nati ya kujiloki imeondoa ile ile sehemu inayobana. Nati mbili za Aerotight kutoka kwenye propela, zilizofika salama tangu 1957, sasa zilikuwa zinateleza kwenye bolti kama shanga. Sikumgombeza. Hakuna aliyemwambia, na wa kumwambia nilikuwa mimi. Nimempa bolti mpya, nikamwonyesha: nati nzima utaizungusha kwa vidole mpaka hesi ifike kwenye midomo, hapo inagoma, unachukua spana. Ikipita yote kwa vidole, imekufa. Ya nailoni ni hivyo hivyo, na kila ukiifungua inazidi kulegea.

Saa 5:00 hadi 7:00

Shafti ya propela: bolti nne mbele, nne nyuma. Nati nane tulizozitoa hazikuwa ndugu. Tano zenye midomo, mbili Nyloc za pete ya buluu ambazo bila shaka ni za juzi, na moja ya kawaida na springi washa, ambayo kila nikiitazama nawaza gari hili lilivyokuwa likikimbia barabarani.

Kwenye mkono mmoja wa chuma chini ya sakafu nimekuta kichekesho kingine, nati ya M8, yaani ya milimita, kwenye bolti ya 5/16 UNF, hesi ya inchi yenye meno madogo madogo. Unene ni karibu sawa, milimita 8 na 7.94, kwa hiyo mtu aliamini. Lakini UNF hapo ina meno 24 kwa inchi, M8 ya kawaida kama 20. Alilazimisha kwa nguvu. Imebidi niikate. UNF ya asili hujitambulisha yenyewe: juu ya kichwa cha bolti pamebonyezwa duara, na nati ya kawaida ina mstari wa viduara kwenye ubavu mmoja. Alama zote zilikuwepo, hakuzitazama.

Saa 7:10 mchana

Wali wa jana na samaki wa kopo. Swala. Birika tena.

Saa 8:00

Mwenye gari amepiga simu. Anataka nati za asili zirudi kwenye propela, zote. Nikamwambia zilizobaki nzima ni tatu, na hata hizo sizirudishi kwenye kitu kinachozunguka maelfu ya mara kwa dakika chini ya makalio yake. Zitafunga vitu vyepesi, mahali pa kuonekana. Akanyamaza. Nikamwambia subiri, labda ipo njia nyingine.

Kila Septemba kuna soko la spea za magari ya zamani pale Beaulieu, Hampshire, kwenye makumbusho. Miaka miwili nyuma nilinunua huko kopo la nati za stoo ya zamani, hazijafungwa hata siku moja. Nililipa kwa uzito, nikalisahau chini ya benchi.

Saa 9:20 alasiri

Kuchambua nati na bolti za kupeleka zikapakwe madini upya. Za asili nyingi zilipakwa kadiamu, rangi yake ya fedha iliyofifia, wakati zinki inang'aa na ubuluu kidogo. Kadiamu ni sumu, kwa hiyo kijana nimemkataza kuipiga tupa au moto. Bolti ngumu zinakwenda na maandishi kwamba zikishapakwa ziokwe, kutoa haidrojeni, la sivyo zinaweza kukatika zikiwa zimekaa tu. Nyloc haziendi huko kabisa, nailoni haivumilii joto.

Saa 11:00 jioni

Kopo la Beaulieu limemwagwa kwenye gazeti. Midomo mitupu, ya kila saizi, na grisi iliyogeuka gundi. Kijana amekaa na bolti jiliwani, anazijaribu moja moja, anatenga. Saba zimepatikana haraka. Ya nane imetuchukua dakika arobaini, tumeshazima redio, nimeshavaa koti.

"Inagoma, ami," amesema, na vidole vyake vimesimama katikati ya bolti.

Nikamwambia aiweke na wenzake.