Kadi ya Mchango Ndani ya Gitaa

Agosti 2012 mwalimu wa kwaya alisimamisha wimbo katikati, akaniuliza mbele ya watu wote, "Kaka, hilo ni gitaa au mzinga wa nyuki?" Soprano walicheka mpaka wakashikana mabega. Na mimi nikacheka, ila usiku huo usingizi ulichelewa.

Gitaa lenyewe lilikuwa gitaa kavu la Kichina, nililoachiwa na mjomba Tanga kwa bei ya kindugu. Kule lilikuwa linaimba vizuri tu. Oktoba ya mwaka uliotangulia nilipanda nalo basi kwenda Dodoma kusoma, na masika yote halikunisumbua. Mvua ilipokatika, upepo ule wa Dodoma unaopasua midomo ukaanza, na gitaa nalo likaanza yake. Ukipiga uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, nyuma ya sauti unasikia kitu chembamba kinavuma, kama nzi aliyenaswa kwenye chupa. Kufika Julai, uzi wa tano nao ukaambukizwa.

Nikajitia uganga. Nilijiambia kwamba kama nyuzi zinagusa freti (vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo), dawa ni kuzipandisha nyuzi. Nikazilegeza, nikachomoa kile kijiti cheupe kinachokaa kwenye briji, kibao kinachoshikilia nyuzi usoni pa gitaa, nikakunja kadi ya mchango wa harusi mara nne na kuishindilia chini yake. (Mchango wenyewe sikutoa, kwa hiyo kadi ilikuwa bado mpya.) Mvumo ulipungua kidogo, lakini sauti ikafa. Gitaa likawa linaongea kama mtu aliyejifunika blanketi gubigubi, na nyuzi zikawa juu kiasi kwamba baada ya nyimbo mbili vidole vinawaka moto.

Mwimbaji mmoja wa besi akanielekeza Majengo, kwa mzee mmoja seremala ambaye miaka ya 1970 alipiga rithimu kwenye bendi za mashirika ya umma. Nilimkuta anapiga randa ubao wa kitanda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Vuta kiti. Piga."

Nikapiga. Hakulitazama gitaa hata kidogo. Alizunguka karakana yake akiwa ameinamisha kichwa, akafika kwenye rafu, akaweka kiganja juu ya kopo la misumari. Nusu ya mvumo ikanyamaza. Kumbe kopo lilikuwa linaitikia uzi wa tano. "Kwanza tuwatoe wasiohusika," akasema, akalitoa kopo nje. Halafu akanifungulia kifungo cha shati kilichokuwa kinasugua mgongo wa gitaa. Hapo ndipo akalichukua.

Aligonga uso wa gitaa kwa fundo la kidole, pole pole, kuanzia pembeni hadi chini ya briji, sikio likiwa karibu na tundu. Alikuwa anasikiliza mbavu, zile fito zilizogundishwa kwa ndani. Ubavu ukiachia gundi, alisema, ubao hujibu kwa mtetemo wa kukwaruza, na hapo shingo ungeihangaikia bure. Mbavu zote zilikuwa zimeshika. Akatikisa funguo za kukazia nyuzi, moja moja. Nazo zilikuwa salama.

Kisha akanirudishia na kuniamuru nipige uzi mmoja mmoja, kwanza mtupu bila kuubana, halafu freti ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila kuruka. Ilichukua muda mrefu na niliona aibu, maana ndivyo anavyofundishwa mtoto. Lakini mpangilio ukajitokeza wenyewe. Mvumo ulikuwepo kwenye uzi mtupu na kwenye freti nne za mwanzo. Kuanzia ya tano kwenda juu, sauti ilikuwa safi. Akanieleza kwamba kama tatizo lingekuwa kwenye kile kijiti cha kichwani kinachobeba nyuzi, uzi mtupu peke yake ndio ungevuma. Kama ingekuwa freti moja imeinuka, mvumo ungekuwa mahali pamoja tu. Huu wa kwetu ulikuwa wa shingo.

Akanishika kidole gumba na kukipitisha kwenye ukingo wa shingo. Ncha za freti zilinikwaruza kama meno ya msumeno mdogo. Wiki nyingi nilikuwa nimezisikia kiganjani bila kujiuliza zimetoka wapi.

"Umetoka nalo wapi?"

"Tanga, mzee."

"Basi lina kiu. Chuma hakinyauki, mbao inanyauka."

Tanga hewa ina maji ya bahari, na ubao ulikuwa umeshayazoea. Kiangazi cha Dodoma kiliyanyonya: ubao wa shingo ukasinyaa ukaacha vyuma vikichomoza, uso wa gitaa ukazama kidogo, na nyuzi zikashuka pamoja nao. Shingo nayo ikapinda kwa nyuma. Akabana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na ya 14 kwa pamoja, uzi ukawa rula. Hapo katikati, alisema, panatakiwa mwanya mdogo ili uzi upate pa kuchezea. Akajaribu kupenyeza vocha ya simu iliyokwisha kukwanguliwa. Haikupita.

Nilidhani atazungusha siku hiyohiyo skrubu ya kile chuma kilichofichwa ndani ya shingo ili kurekebisha mpindo wake. Akakataa. Alitoboa kisanduku cha sabuni kwa msumari wa moto, akatia ndani sifongo iliyoloweshwa na kukamuliwa vizuri, akaniambia nikining'inize ndani ya tundu la gitaa, nilifunge gitaa lote kwenye mfuko wa plastiki, nirudi baada ya siku tatu. Nilivyokuwa nafunga mlango wa chumba changu niliona kama nimelaza mgonjwa.

Siku ya tatu kidole gumba kilipita ukingoni bila kukwaruzwa sana. Akang'oa nyuzi zote, nyeusi kwa kutu na jasho tangu Tanga, na akachomoa kijiti cha briji. Kadi ikaanguka mezani. Akaikunjua, akaisoma kwa sauti kuanzia "Familia ya..." hadi tarehe ya mwisho ya kuwasilisha mchango, kisha akanitazama.

"Harusi ilifana?"

"Sikwenda, mzee."

"Ndiyo maana gitaa limenuna."

Mtetemo wa uzi, alinieleza, hupita kwenye kile kijiti ndipo uingie kwenye ubao. Karatasi laini ikikaa katikati inaumeza. Akasugua chini ya kijiti kwa msasa uliolazwa juu ya kioo, hadi kikakaa bapa kabisa, akakirudisha kikiwa peke yake. Tukafunga nyuzi mpya. Kisha akaingiza kispana chenye umbo la L ndani ya tundu, akalegeza chuma cha shingo robo mzunguko, na kungoja. Vocha ikapenya kwa shida kidogo, kama alivyotaka.

Alipolijaribu alitumia gumba na kidole cha shahada tu, mtindo aliouiga akiwa kijana kwa kumsikiliza mpiga gitaa wa Kongo, Mwenda Jean Bosco, redioni. Alijifunzia gitaa la galatoni, ambalo halikuwa na skrubu hii. Shingo ikipinda, unaishi nayo hivyohivyo. (Baadaye nilikuja kusoma kwamba gitaa la kwanza la John Lennon lilikuwa Gallotone la Afrika Kusini, na ndani yake paliandikwa kwamba halipasuki.) Uzi wa sita ulilia mpaka ukaisha wenyewe. Mzee akapokea hela ya nyuzi, ya kazi akasema nitamletea nazi nikitoka kwetu.

Desemba nikateremka Tanga kwa likizo. Wiki ya pili, nyuzi zilikuwa zimepanda tena, vidole vinauma, na safari hii hapakuwa na kadi yoyote chini ya briji. Nikabana freti ya kwanza na ya 14. Katikati vocha ilipita na nafasi ikabaki. Nikaenda kwa fundi baiskeli wa mtaani kuazima kispana.